Chupa moja, macho ya watu wanne

SWALI

Shikamooni washauri wa macho na lishe.

Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi Mwanga hapa Kigoma mjini, nina miaka 44. Tangu mwaka jana kutunga sindano kumekuwa shida. Lazima ninyooshe mkono mbali au nimwite binti yangu anitungie. Mteja wangu mmoja anauza virutubisho vya mimea. Alinipima kwa ile mashine ya kushika kijiti cha chuma mkononi, ikatoa karatasi kwamba mishipa yangu ya macho ni dhaifu, nikanunua kwake chupa ya kapsuli 60 kwa shilingi 85,000. Lebo inasema kipimo ni kapsuli 2 kwa siku, na kwa kila kipimo kuna: dondoo ya maua ya marigold (5%) mg 100, bilberi mg 80, ginkgo mg 60, beta-karotini mg 15, zinki mg 15 na vitamini E.

Nyumbani nina baba wa miaka 71. Hospitali walimwambia ana presha ya macho na alikuwa anaweka matone ya timolol asubuhi na jioni. Muuzaji akamwambia matone ni kemikali na yanachosha mishipa, aanze kapsuli. Hii ni wiki ya tatu hajaweka matone, na anasema haumwi na anaona vilevile. Baba anavuta sigara. Mama ana miaka 66, ana mtoto wa jicho upande wa kulia, na anatumia aspirini ndogo ya mg 75 pamoja na dawa ya presha ya damu. Yeye ameshawishika kwa sababu kuna bibi wa Kibirizi aliyeacha miwani ya kusomea baada ya miezi miwili ya kapsuli hizi, tumemwona kwa macho yetu akisoma. Shangazi naye ameleta kutoka Tabora chupa ya asali ya nyuki wadogo, mama atiwe jichoni, na jirani anamjua mganga wa Kasulu mwenye matone ya majani.

Jambo la mwisho ni dogo. Mtoto wa mdogo wangu, ana miaka mitatu, amehamia kwetu karibuni. Jua likishazama anajigonga kwenye viti na anataka kubebwa. Mama anasema ni uoga wa giza. Naye anaweza kupewa nusu kapsuli?

Fundi wa Mwanga, Kigoma

MAJIBU

Marahaba, dada fundi. Umetuletea watu wanne na kila mmoja ana jambo lake, halafu chupa ni moja. Tuanze na wawili ambao hawawezi kungoja, na mmoja wao ni huyo uliyemwita jambo dogo.

Baba arudie matone leo. Kama chupa yake ilifunguliwa zaidi ya siku 28 zilizopita, itupeni na mnunue nyingine ya dawa ileile na nguvu ileile iliyoandikwa kwenye karatasi yake ya kliniki, kwa kuwa timolol inauzwa ya asilimia 0.25 na ya 0.5. Ndani ya wiki hii aende kliniki ya macho, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni au alikoanzishiwa dawa, aseme wazi kwamba aliacha kwa wiki tatu. Wasipojua hilo watapima presha, waikute juu, wadhani dawa haimfai na kumbadilishia bure. Ikiwa katika kipindi hiki amepata pumu au ameambiwa mapigo ya moyo wake ni ya polepole, hilo alitaje kabla ya kuweka tone lolote. Timolol inaingia mwilini kupitia puani na inaweza kubana kifua.

Kwamba haumwi na anaona vilevile si dalili ya nafuu. Glakoma, ndiyo hiyo presha ya macho aliyoambiwa baba, ya aina iliyo ya kawaida kwetu haiumi. Inakula neva ya jicho polepole kuanzia pembeni, na ubongo unaziba mapengo, hivyo mtu anasoma, anahesabu fedha, anatambua sura, huku upande wote umeshakwenda. Kilichopotea hakirudi kwa matone, kwa upasuaji wala kwa mmea. Na hapa ndipo wauzaji wanapopatia mwanya: matone hayamwongezei mgonjwa hata chembe ya uwezo wa kuona, yanalinda tu ule uliobaki, basi akiyaacha wiki tatu haoni tofauti yoyote. Pia mtofautishe presha ya macho na presha ya damu. Ni vitu viwili. Dawa ya presha ya mama haimsaidii baba, na kipimo cha mkononi cha presha ya damu hakisemi lolote juu ya jicho.

Ile mashine ya kijiti cha chuma haikupima jicho la mtu yeyote. Presha ya macho inapimwa kwenye jicho lenyewe, kwa kifaa kinachogusa kioo cha jicho, yaani utando angavu wa mbele, baada ya ganzi au kinachopuliza hewa. Kisha daktari anachungulia neva kwa taa na kupima upana wa anachokiona mgonjwa. Karatasi isiyotokana na vipimo hivyo, iwekeni pembeni.

Kuhusu mimea na glakoma, tuseme ukweli wote. Ginkgo ya kwenye lebo yako, dondoo ya majani ya mti wa China, imejaribiwa kwa wagonjwa wachache na majibu yakapingana. Bangi inashusha presha ya jicho kwa saa tatu au nne hivi, kwa hiyo mtu angelazimika kulewa mchana na usiku ili neva ilindwe, na ndiyo maana madaktari wa macho hawaiandiki. Lakini anayedai kwamba mmea hauna nafasi kabisa naye anakosea: pilokapini, dawa ya glakoma iliyotumika tangu karne ya 19, ilitoka kwenye majani ya jaborandi, kichaka cha Brazil. Ila kinachowekwa jichoni si maji ya majani hayo. Ni kiini kilichotolewa, kikapimwa kwa asilimia na kusafishwa vijidudu.

Mengi ya matone ya wazee yanaishia shavuni, kwa hiyo simama naye mara ya kwanza. Anawe mikono, ainue uso, avute kope la chini lifanye mfuko, tone moja tu liingie mfukoni bila ncha ya chupa kugusa kope. Afumbe macho bila kuyakaza, abonyeze kwa kidole kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili. Kubonyeza huko kunazuia dawa isikimbilie kooni na kifuani. Kama ana dawa mbili za matone, dakika tano zipite katikati, la sivyo tone la pili linaliosha la kwanza.

Sasa mtoto. Mtoto wa miaka mitatu anayeona vizuri mchana na kujigonga jioni achukuliwe kuwa ana upungufu wa vitamini A mpaka kituo cha afya kiseme vinginevyo. Mpelekeni kesho. Kabla ya kwenda, mtazameni macho penye mwanga wa jua: upande wa weupe, karibu na duara jeusi, kunaweza kuwa na doa la kijivu au jeupe kama povu la sabuni lililokauka. Kama kioo chenyewe cha jicho kimefifia, kimekuwa na ukungu, au hawezi kufumbua macho kwenye mwanga, msingoje kesho, nendeni saa hiyohiyo, kwa kuwa kioo kinaweza kuyeyuka kwa muda mfupi sana.

Tiba yake haitoki kwenye chupa yako, na nusu kapsuli asipewe. Akithibitika, kituo kitampa vitamini A yuniti 200,000 siku ya kwanza, yuniti 200,000 siku ya pili, na nyingine kama hiyo baada ya wiki mbili au zaidi. Msiinunue mitaani kumpa wenyewe, kwa sababu dozi ikirundikwa inaleta kutapika na maumivu makali ya kichwa. Nendeni na kadi yake ya kliniki. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone haya mara mbili kwa mwaka, kwenye kampeni za Juni na Desemba, pamoja na dawa ya minyoo kwa walioanza mwaka mmoja na kuendelea. Mtoto aliyehamishwa hamishwa huruka raundi, na kadi itaonyesha. Mwambieni mhudumu kama amekuwa na kuhara kwa muda mrefu au aliugua surua, maana vyote viwili vinamaliza akiba ya vitamini hii mwilini.

Baada ya dozi inakuja kazi ya jikoni, na hapa wewe wa Kigoma una bahati ambayo watu wa mikoa mingine wanaitafuta dukani. Mawese mekundu yana karotini nyingi kuliko karibu chakula chochote cha mmea mnachokula, kiasi cha mg 500 hadi 700 katika kilo moja, na mwili unazigeuza kuwa vitamini A. Tena zimo ndani ya mafuta tayari, na karotini bila mafuta hupita tumboni na kutoka. Kwa mtoto huyo, kijiko cha chai mchana na kingine jioni, kikichanganywa kwenye mboga au wali, kinatosha. Mtu mzima kijiko cha chakula kwa siku. Zaidi ya hapo hakuna faida ya macho, na karibu nusu ya mawese ni mafuta mazito ambayo mama yako mwenye presha hayahitaji kwa wingi.

Linaloharibika ni upishi. Wengi huyachoma mawese mpaka yanatoa moshi na wekundu kugeuka njano iliyopauka, ili kuondoa harufu. Wekundu ule ndio karotini yenyewe. Ukipotea machoni, umepotea na kwenye chakula. Kaangeni kitunguu kwa moto mdogo, au pikeni mboga kwa mafuta mengine na kuongeza kijiko cha mawese sufuria ikishaipuliwa. Msinunue yaliyoanikwa juani barabarani kwenye chupa za kuona ndani, kwani mwanga unayapausha na kuyachachisha. Dumu likae gizani, limefunikwa, na litikiswe kabla ya kumimina maana sehemu nzito hutuama. Na msichanganye na mafuta ya mise: yale yanatoka kwenye kokwa, hayana karotini, kazi yake njema ni sabuni.

Mtoto asiyependa mawese apewe viazi lishe, vile vya nyama ya rangi ya chungwa kama Mataya na Kabode. Kimoja kidogo cha gramu 125 hivi, kikichemshwa na ganda lake kwenye sufuria iliyofunikwa, kinakaribia au kufikia mahitaji yake ya siku. Kiazi cheupe hakina kitu hicho hata kiwe kitamu namna gani. Embe bivu na papai bivu vinasaidia. Maini kidogo mara moja kwa wiki, au dagaa wakiliwa wazima na vichwa vyao, vina vitamini A iliyokamilika ambayo mwili hauhitaji kuigeuza. Huo ugali wa muhogo na mchuzi wa juu ya dagaa, ambao ndio huwa sahani ya watoto wengi, una karibu sifuri. Mchuzi hauna kichwa cha dagaa.

Watu wanapenda unga wa mlonge, nao ni mzuri ukitengenezwa sawa. Majani yaoshwe, yakaushwe kivulini juu ya chandarua safi yakigeuzwa kila siku mpaka yavunjike mkononi, yasagwe, yachekechwe, yahifadhiwe kwenye kopo lisilopitisha mwanga. Yakianikwa juani yanabaki na rangi ya majani makavu na karotini nyingi imeshaungua. Kijiko kimoja cha chai kwa mtoto kiwekwe kwenye chakula kikiwa kimeshaiva. Majani tu, mizizi na magome yake hapana, na mjamzito asiyaguse kabisa hayo mawili. Mwenye kisukari anayetumia dawa ajue kwamba majani ya mlonge nayo yanaweza kushusha sukari, apime mara kwa mara.

Mama yako. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyopoteza uangavu. Protini zake zimeungana na kuwa kama yai lililochemshwa, na hakuna mtu aliyewahi kulirudisha yai la kuchemsha kuwa bichi kwa kulinywesha dawa. Dawa ni upasuaji: ganzi ya jicho, lenzi chafu inatolewa na ya bandia inawekwa, mara nyingi kwa nusu saa au chini ya hapo. Akicheleweshwa miaka, lenzi huvimba au kuvuja, presha ya jicho ikapanda, jicho likauma na kuwa jekundu, na upasuaji uliokuwa mwepesi ukawa mgumu.

Lakini bibi wa Kibirizi? Tunaamini kwamba mmemwona akisoma bila miwani. Kuna aina ya mtoto wa jicho inayoanzia katikati ya lenzi. Lenzi inapokuwa ngumu inapinda mwanga zaidi, na mzee aliyehitaji miwani ya kusomea anajikuta anasoma bila miwani, huku vya mbali vinazidi kufifia. Madaktari wa macho wanaijua hali hii siku nyingi, na huwa inadumu kwa muda tu kabla karibu na mbali kote kuzibika. Mwulizeni bibi kama anamtambua mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mtoto wa jicho wake unazidi kukua, na kapsuli zinapewa sifa.

Kwa mama kuna tatizo la pili, ginkgo. Inaweza kupunguza uwezo wa damu kuganda, na aspirini inafanya hivyohivyo. Zikikutana, mchubuko au kutoka damu puani kunaweza kuwa kwingi kuliko kawaida, na hiyo si hali ya kumpeleka mtu kwenye upasuaji wa jicho. Aache kapsuli. Aspirini asiiache kwa uamuzi wake. Amwambie daktari anatumia nini, kwa kiasi gani, na kwamba alikuwa anakunywa ginkgo tangu lini.

Asali ya shangazi ni nzuri, ilambwe. Nyuki wadogo hawana sumu kwenye asali yao, hoja si hiyo. Asali ya mzinga ina chachu na mbegu za vijidudu, imepita kwenye mikono na chupa ya kutumika, na mara nyingi ina maji. Jicho lenye mkwaruzo mdogo usioonekana linaweza kuota kidonda kutokana nayo. Yapo matone ya asali yaliyosafishwa kwa mionzi kwa ajili ya macho makavu, lakini hayahusiani na chupa iliyotoka Tabora, na hata hayo hayagusi mtoto wa jicho kwa kuwa lenzi iko ndani, nyuma ya mboni. Unachodondosha juu hakiifikii kwa namna ya kuing'arisha.

Matone ya majani ya Kasulu, hapana. Jani bichi limebeba ukungu na bakteria, na kidonda cha ukungu kwenye kioo cha jicho ni kati ya magonjwa magumu kutibu, dawa yake haipatikani kila mahali. Utafiti wa vidonda vya kioo cha jicho uliochapishwa mwaka 1994 kutoka hospitali ya vijijini hapa Tanzania uliona kwamba takriban robo yake vilihusiana na dawa za kienyeji zilizowekwa jichoni. Mimea mingine haihitaji hata vijidudu: utomvu wa mnyaa, huo wa kwenye ua wa nyumba, unaunguza kioo cha jicho. Mnanaha unapanua mboni, na mzee ambaye njia ya maji ya jicho lake ni finyu anaweza kupandwa na presha ghafla, kwa maumivu na kutapika. Mtu akiingiwa na utomvu wa mnyaa, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 30 akiwa amefumbuliwa kope, kisha hospitali. Msiweke maziwa wala mate. Na mkiona "matone ya asili" yanaondoa wekundu kwa saa chache, mwogope zaidi mwenye nayo: huenda yana steroidi ndani, dawa kali za kutuliza uvimbe, ambazo zikitumika kwa wiki nyingi zinaleta glakoma na mtoto wa jicho.

Wewe mwenyewe, fundi, mishipa yako si dhaifu kwa ushahidi tulionao. Lenzi ya jicho inapoteza unyumbufu kadiri umri unavyosonga, na mtu wa karibu 40 na kitu anaanza kunyoosha mkono. Hakuna karoti wala bilberi inayourudisha unyumbufu huo. Hadithi kwamba bilberi ilinoa macho ya marubani wa Uingereza usiku wakati wa Vita Kuu ya Pili bado inasimuliwa na wauzaji, na majaribio mazuri yaliyofanywa baadaye hayakuithibitisha. Unahitaji miwani ya kusomea. Kwa umri wako huwa ni kati ya +1.00 na +1.50. Nenda na kitambaa cheusi, uzi mweusi na sindano yako, vishike kwa umbali ule unaokaa navyo cherehani, kama sentimita 40, ujaribu kuanzia ndogo, uchukue ile ya kwanza inayokuonyesha tundu. Ukichukua kali kuliko unavyohitaji, utalazimika kuinamia nguo na shingo italalamika. Funika jicho moja, kisha la pili: kama hayalingani, miwani ya kuokota mezani haikufai kwa kuwa vioo vyake viwili viko sawa, upimwe. Kama unaona vizuri asubuhi na kufifia jioni bila mpangilio, pima na sukari.

Hata hivyo usiishie kwenye miwani. Wewe ni mtoto wa mgonjwa wa glakoma na umepita 40. Hatari yako iko juu kuliko ya jirani. Siku unayompeleka baba, keti na wewe kwenye kiti, upimwe presha ya macho na neva. Waambie na ndugu zako.

Inabaki chupa. Tuisome pamoja. Marigold 5% mg 100 maana yake luteini, ile rangi ya njano ya maua hayo inayotafutwa kwa ajili ya macho, ni mg 5, wala si 100. Zidisha uzito wa dondoo kwa asilimia yake ndipo upate kilichomo, na kama lebo haina asilimia hujui ulichonunua. Mchanganyiko uliofanyiwa utafiti mkubwa na Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani, majibu yakatoka mwaka 2013, ni luteini mg 10, zeaksanthini mg 2, vitamini C mg 500, vitamini E yuniti 400, zinki mg 80 na shaba mg 2. Shaba imo kwa sababu zinki nyingi hivyo inaifukuza mwilini na kuleta upungufu wa damu. Mchanganyiko wa namna hiyo ulipunguza kwa karibu robo, katika miaka mitano, uwezekano wa kuharibika zaidi kwa watu ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa uzee wa katikati ya retina (pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha) uliofikia hatua ya kati. Ndilo kundi hilo tu. Kwa mtu mwenye macho mazima haukuzuia ugonjwa kuanza, na mtoto wa jicho haukumzuia. Kwenye barua yako hatumwoni mtu wa kundi hilo. Mkitaka kuwachunguza wazee, kila mmoja afumbe jicho moja na kutazama nondo za dirisha kwa lile jingine akiwa na miwani yake: nondo iliyonyooka ikionekana imepinda, au kuna doa katikati, apelekwe kliniki haraka.

Beta-karotini mg 15 ya kwenye kapsuli ndiyo inayotutisha zaidi kwa baba. Utafiti wa Finland wa mwaka 1994 uliwapa wanaume wavutaji sigara mg 20 kila siku, na saratani ya mapafu ikaongezeka badala ya kupungua. Ndiyo maana kwenye mchanganyiko wa 2013 iliondolewa na luteini ikawekwa mahali pake. Karotini ya kwenye mawese na viazi haijaonyesha madhara hayo, hivyo baba ale chakula chake kwa amani, na kama kuna kitu cha kumnunulia kwa ajili ya macho, ni msaada wa kuacha sigara.

Kikombe cha matembele, mchicha au sombe (kisamvu) iliyopikwa kwa mafuta kidogo kinampa mtu luteini nyingi kuliko kapsuli zako mbili za siku. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe sana kwanza, sufuria ikiwa wazi, ili sumu yake itoke na mvuke. Mrudishie mteja wako chupa na madai yake ya maandishi. Akikwambia imesajiliwa, mwombe namba ya usajili uiulize mamlaka iliyoitoa, mfano TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kama anaiita dawa ya asili.

Mkianza mawese na viazi lishe, viganja vya mtoto vinaweza kuwa vya njano baada ya wiki kadhaa. Tazameni weupe wa macho yake. Ukibaki mweupe, ni karotini tu, punguzeni kidogo na itaisha yenyewe. Ukiwa wa njano nao, hiyo ni dalili ya ugonjwa wa ini au tatizo la damu, arudishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.